Mlango wa Tatu

Kompyuta yangu haina herufi R.
Iling'oka Birere, siku ya mvua, ikaishia topeni.
Tangu hapo kila R naiokota kwenye maandishi ya zamani,
naibandika:
"karibu" inanigharimu kuliko "hujambo".

Usiniulize mashine bora ni ipi.
Bora ni ile iliyowaka.

Umeme huja saa nane za usiku kama mdeni,
haubishi, haukai.
Basi nalala na simu kifuani; ikitetemeka kwamba inachaji
naamka, nafungua kihariri,
kile cha bure, chepesi, kisichoomba mtandao,
naandika kwa mkono, bano kwa bano,
maana ukisahau kufunga moja
ukurasa mzima hulala upande.

"Bawaba hiyo," alisema Kanyere.
"Mbao hata mjinga hununua. Mlango ni bawaba."

Yeye ni seremala. Alikuja na picha kumi na nne,
kila moja nzito kama gunia la makala.
Nikazipunguza, nikazipunguza tena,
kwani mteja wa Minova mwenye mega hamsini
hatangoja mlango upakuliwe
kama lori la Butembo.

Nakala: flash mbili.
Moja mfukoni, moja kwa shangazi, Gisenyi.
Mji huu unajua kwa nini.

Halafu jina. Dola kumi na mbili kwa mwaka,
kwa kadi ya binamu aliyeko Kampala,
anayekumbusha deni kila Jumapili.
Nikapendekeza jina fupi, lisilo na R.
"Mimi ni Kanyere," akasema. "Ipo R. Iandike."

Alinilipa meza. Ndiyo hii.

Kisha mlima ukafunguka.

Karakana yake, Buhene: randa, misumeno,
mbao za libuyu alizokuwa bado hajamaliza kuzilipia,
na njia yenyewe ya kufikia pale.
Kwa wiki nzima jiwe lilitoa moshi
na watu walitembea pembeni wakibishana
hapa palikuwa kwa nani.

Lakini kwenye seva baridi, nchi nisiyoijua,
ukurasa uliendelea kusema bila aibu:
Karibu. Tuko Buhene. Baada ya kanisa, mlango wa tatu.

Nilibadilisha namba. Nikaandika Katoyi, kwa muda.
Bei nikapandisha; kila nyumba mpya inataka mlango,
na Kanyere si mtakatifu.
Picha moja tu alikataa niifute:
ya tatu, mlango wa karakana, rangi ya kijani,
sasa uko chini ya jiwe la kimo cha mtu.

Chini ya kila picha huwa kuna sentensi iliyofichwa,
ya asiyeona,
au ya yule ambaye picha haijamfikia.
Niliandika: Mlango wa libuyu, bawaba tatu.
Akasoma, akanirudishia simu.
"Ongeza. Unafunguka kwa ndani."

Mwezi wa tano nalipia jina. Jiwe halidai kitu;
jina hudai kila mwaka.
Jana, nikiwa na mega mbili za mwisho,
niliufungua ukurasa kuona kama uko hai.
Picha haikuja. Kisanduku cheupe,
na ndani yake maneno:
bawaba tatu,
unafunguka kwa ndani.