Saizi ya Kola

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao.
Sisemi. Naandika nani kasema, saa ngapi,
na nani kakohoa badala ya kusema.

Vilnius, mwezi wa tatu, theluji imegeuka tope.
Hoteli kando ya mto Neris, meza ndefu,
chupa za maji ishirini na mbili,
na wageni kutoka ng'ambo ya mpaka
wanaotaka reli yetu iwapitishie chumvi hadi bandarini:
chumvi ya mbolea, nyekundu kama tofali.

Kipengele cha tisa kilizaliwa kifupi:
Wafungwa waachiwe kwanza.
Jumatatu "kwanza" likaondolewa, eti lina pembe.
Jumanne "waachiwe" likawa "wafikiriwe".
Jumatano hapakuwa na wafungwa tena,
palikuwa na "masuala ya kibinadamu yenye maslahi kwa pande zote",
nami nikaiandika sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri,
Mungu anisamehe, hata koma niliiweka mahali pake.

Mkuu wetu alisema, Funika kombe mwanaharamu apite.
Mkulima anangoja mbolea. Mkono mtupu haulambwi.
Tukiweka sharti wataondoka, na wakiondoka
huyo mfungwa mtamsaidiaje?

Swali zuri. Nililipigia mstari.

Nje, kwenye ngazi za mlango wa jikoni,
alikaa Jadviga, kaja kwa basi la usiku,
mapajani kifurushi kilichorudishwa na gereza mara nne:
shati la flaneli, kola thelathini na tisa,
na mhuri: MPOKEAJI HAPATIKANI.
Hapatikani! Mtu wa futi sita, mwalimu wa jiografia,
aliyefungwa miaka kumi na mmoja
kwa kuhesabu kura kwa sauti.

Daiva, msaidizi wa tatu, alitoka kuvuta sigara.
Kiberiti chake kimelowa; mama akampa chake.
Hakuomba haki. Neno hilo, alisema,
limevaliwa na wengi mpaka limepauka.
"Ukirudi ndani, waulize kola yake sasa ni saizi gani.
Aliye hai ana shingo, na shingo hupimika."

Saa nane na dakika kumi na mbili (naisoma kumbukumbu)
Daiva, asiyekuwa kwenye orodha ya wasemaji,
aliomba, kabla ya kipengele cha kwanza, namba moja:
shingo ya Kastus Harbachevich, kwa sentimita.

Mkuu wao akatabasamu. Hayo ni mambo yetu ya ndani.

"Hata chumvi iko ndani," Daiva akajibu,
"mita mia nne chini ya ardhi yenu.
Mbona hiyo mmekuja nayo mezani?"

Mkalimani akasita, kisha akatafsiri yote,
hata ile "mbona".
Mkuu wetu akakohoa. Nikaandika: alikohoa.
Akaiona kalamu yangu imesimama inamngoja,
na sijui ilikuwa nini, pengine aibu ya kuandikwa,
akafunga jalada lake. "Tujibiwe kwanza."

Kwanza. Neno lililofukuzwa Jumatatu
likarudi bila kupiga hodi.

Simu zikapigwa koridoni dakika arobaini.
Jibu likaja kwenye kikaratasi cha hoteli, bila sahihi:
thelathini na sita.

Usiniulize kama tulishinda. Seli haijafunguliwa.
Mabehewa yamesimama, wakulima wanatulaani redioni,
nao hawana kosa.
Lakini sharti, nimejifunza, ni kama shati:
lisipokuwa na mtu ndani yake linabaki kitambaa.

Nilimpelekea Jadviga ile namba mwenyewe, kinyume cha kanuni.
Nikamwambia, pengine wameibuni.
Akakitazama kikaratasi, akakigeuza, akakigeuza tena.
"Mwongo angesema thelathini na tisa."
Akachomoa sindano kwenye ukosi wa koti lake,
akaanza palepale ngazini kufumua uzi wa kifungo,
akisogeze ndani sentimita tatu.