Nyama ya Siku ya Mkaguzi

Siku ya mwisho ya Machi, Yeouido,
miti ya cheri bado imefumba ngumi.
Saa tisa alasiri na dakika kumi
Bwana Maeng anasimama nyuma ya kiti changu,
ananuka kahawa na dawa ya mafua,
ananong'ona kama anayeagiza sanda:
"Zile za meli zitoke. Zote. Leo."

Za meli tulizinunua Januari kwa mbwembwe,
keki ikaliwa, mtu akapiga makofi.
Tangu hapo zimepoteza asilimia thelathini na nane
na keki haitajwi.

Nauza.
Kisha nanunua za betri,
zilizokwisha kupanda hadi zinahema,
ambazo kila dereva wa teksi Seoul anazijua kwa jina.
Nanunua kileleni, kwa bei ya aliyechelewa,
maana saa tisa na nusu soko linafungwa,
picha inapigwa,
na pichani lazima tuonekane tumesimama nazo,
mkono begani,
kama tuliokua nyumba moja.

Hakuna sheria niliyovunja. Nimeangalia.
Ripoti itasema: hizi ndizo tulizokuwa nazo
tarehe thelathini na moja.
Kweli, tulikuwa nazo.
Kwa dakika kumi na sita.
Ukweli wa dakika kumi na sita nao ni ukweli,
ila kitovu chake bado kibichi.

Waliosema funika kombe mwanaharamu apite
hawakusema nani analipia kifuniko.
Kifuniko kina kamisheni: ya kuuza, ya kununua,
na Aprili, barua zikishafika, ya kuuza tena.

Wiki ya tatu ya Aprili simu iliita.
Bi Pyo Sun-ok wa Gunsan, miaka sabini na mmoja.
Alisoma namba yake ya mteja tarakimu moja moja,
kama anayechambua mchele.
"Kijana, barua yenu ninayo. Karatasi nzuri.
Kampuni hizi kumi nazijua, mjukuu wangu anazisifu,
zote zimepanda.
Sasa kama mfuko umejaa vilivyopanda,
mbona changu kimeshuka?"

Nikafungua karatasi ya majibu. Tunayo karatasi ya majibu.
Nikasoma: hali ya soko, mtazamo wa muda mrefu.
Akaniacha nimalize. Hapo ndipo paliponiuma.

"Mimi," akasema, "nimepika shule ya msingi
miaka ishirini na sita.
Mkaguzi alikuja mara nne kwa mwaka.
Siku hiyo nyama ilielea juu ya supu, minofu hasa,
watoto wakadhani ni sikukuu.
Kesho yake figili na maji.
Nyama ile niliikata mimi, kwa kisu changu.
Basi usinisomee."

Nikasikia jikoni kwake kitu kinachemka,
mfuniko ukigongagonga.

"Nataka jambo moja tu. Hizi za betri, mlizinunua lini?"

Ripoti ina safu ya jina, ya idadi, ya thamani.
Safu ya lini haina.
Nikasema, "Bibi, habari hiyo sinayo mbele yangu."
Ilikuwa mbele yangu.
Ilikuwa na jina langu pembeni, na saa:
tisa, dakika kumi na nne, sekunde tano.

"Haya," akasema. "Lakini umekula?"
Akakata simu kabla sijajibu.

Leo ni mwisho wa Juni. Mvua ya kiangazi inachapa vioo,
Bwana Maeng yupo nyuma ya kiti.
Za betri zimeanguka, nasi tumo:
tulizirudia Mei,
tukaiamini picha yetu wenyewe.
"Zitoke," anasema. "Tafuta zilizopanda."

Nanyoosha vidole.
Kwenye foleni, mtoto mmoja mwembamba
ananyoosha bakuli,
anaukazia macho upawa wangu.
Anajua leo ni siku gani.