Mayai Mawili

Ssebuliba anageuza chapati juu ya bati la moto,
anauliza bila kuinua macho:
"Mayai mangapi, kapteni?"
Sijawahi kuwa kapteni.
Mawili, namjibu.
Mawili ndiyo niliyorudi nayo kutoka ugenini:
yai la Jumanne, mpira wa kwanza,
na yai la Ijumaa, mpira wa tatu.
Hilo la pili angalau nililiatamia kidogo.

Barua niliianza jana usiku kwa Kiswahili,
lugha ya baba, Sajini Ojakol wa kambi ya Naguru,
aliyetufokea kwayo, akatuombea kwayo.
*Ninayo heshima kuwajulisha...*
Nikafuta. Heshima ipi?
Chama kitataka Kiingereza. Akiror, mpwa wangu, atatafsiri,
na atanidai vocha ya simu.

Nilianzia nje ya ua wa Lugogo, upande wa mtaro.
Mpira ukiruka ua tuliukimbilia watoto saba;
aliyeurudisha alipewa soda, nusu chupa, ya moto.
Miaka minne nilirudisha mipira ya watu
kabla ya mtu kunirushia wangu.
Gongo langu la kwanza nilichonga ubavu wa kitanda cha mama.
Mama alilala kwa kuinama hadi Krismasi,
asiniulize ubao umekwenda wapi.

Sasa hesabu.
Miaka kumi na mmoja ndani ya jezi ya taifa,
wastani wa mbio kumi na tatu nukta mbili.
Nimeirudia hesabu hiyo ndani ya ndege, kwenye foleni ya daktari wa goti,
kanisani sadaka ikipita:
lau ule mpira wa Windhoek usingegusa ncha ya gongo,
lau mvua ya Kigali ingechelewa,
ningekuwa na kumi na nne.
Kumi na nne nayo
si kitu cha kumwandikia mtu nyumbani.

Mara moja tu. Entebbe, ziwa nyuma ya mrushaji,
nilifika sabini na moja, na hakuna aliyenitoa.
Siku hiyo mpira ulinijia mkubwa kama fenesi,
na taratibu kama fenesi libebwalo na mtoto.
Tangu mwaka jana unakuja kama punje ya ulezi.
Naupigia mahali ulipokuwa.

Ijumaa nilisikia nyuma yangu kishindo kidogo cha mbao,
kama mlango wa jikoni ufungwao na mtu
asiyetaka kukuamsha.

Kocha alisema "pumzika", akitazama viatu vyangu.
Kisitu, wa miaka kumi na tisa, hakutazama viatu.
Aliniomba glavu.
Nikampa ya kushoto kwanza, nione kama itauma.
Iliuma.
Nikampa na ya kulia.

Leo asubuhi nilipita Lugogo. Hapakuwa na mtu,
makaloli wawili tu, wale ndege wa jalalani,
wamesimama kando ya uwanja na makoti yao,
waamuzi waliosahau kwenda nyumbani.
Nilingoja mmoja wao ainue kitu, bawa, mguu.
Hakuinua.
Nikakaa kwenye ngazi, nikaiandika barua upya,
neno moja na jina langu chini yake:
*Nimetoka.*
Mara ya kwanza maishani
bila kunyooshewa kidole.

Akiror ataniambia haitoshi.
Atataka shukrani kwa wadhamini.

Ssebuliba anapasua mayai kwenye mdomo wa kikombe,
moja, halafu la pili,
na mimi, mtu mzima, nachungulia
kana kwamba sijui:
ndani mna kitu. Yote mawili. Cha manjano, kinatikisika.
Anakoroga na nyanya, anamwaga, anakunja.
"Elfu tatu," anasema. "Kitunguu bure."
Kisha ananitazama.
"Mnacheza tena lini?"
Wao Jumamosi, namwambia.
Mdomo umejaa, na anasikia vibaya,
ananipa heri ya Jumamosi.