Maslahi: Hakuna

Makala imefika Jumapili, kazi ndiyo kwanza inaanza,
kurasa kumi na nne, majedwali sita,
dawa mpya ya sukari, wagonjwa mia tatu na tisa
wa Maskati, Suhari na Nizwa,
na chini kabisa, kwa herufi za kumtesa mwenye miwani:
*Maslahi ya waandishi: hakuna.*

Mimi ni msahihishaji wa nukta na mikato.
Silipwi kwa kutia shaka.
Ofisi yetu iko Al-Khuwair, juu ya duka la manukato,
kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
na kalamu niliyoishika, ya buluu, nzito, nzuri,
ina jina la kampuni ile ile
inayouza dawa ile ile
inayosifiwa ukurasa wa tisa.

Nikaikumbuka Salala, mwaka juzi, msimu wa manyunyu.
Ukungu umekaa mlimani, milima kijani kitupu,
na Daktari Mundhir jukwaani, anatuonyesha mistari:
sukari inashuka, inashuka,
sisi tunapakua.
Tiketi, wao. Chumba, wao.
Hata kopo la halua ya zafarani tuliyogaiwa mlangoni
lilifungwa utepe wa rangi yao.
Nami nilikula.
Hilo niliandike kifungu gani?

Nikamwandikia kwa adabu: Daktari, tafadhali thibitisha.
Ada za mihadhara? Safari? Hisa?
Akapiga simu, kwa Kiswahili cha nyumbani,
maana mama yake na mama yangu wote wazaliwa wa Wete:
“Mwanangu, ule ni ukarimu tu.
Tangu lini kahawa ya mgeni ikahesabiwa?”

Nikamwambia, kahawa huhesabiwa, Daktari.
Mtu hunywa kimoja, cha pili, pengine cha tatu,
kisha hukitikisa kikombe, mwenye birika akajua basi.
Wewe mwaka wa sita huu
kikombe chako hakijatikisika.

Akacheka. Kisha akanyamaza,
na kile kimya kilikuwa kirefu kuliko makala.

Mhariri mkuu, Bwana Hilal, hakuinua uso:
“Jalada la nyuma ndilo linalolipa umeme.
Weka mkato wako, Rayya, tuchape.”
Mkono mtupu haurambwi, walisema wa kwetu.
Hawakusema mkono uliojaa huziba mdomo.

Usiku, Sib, mama ananyoosha miguu juu ya mto.
Nabonyeza kifundo, alama ya kidole inabaki
kama muhuri kwenye nta.
“Joto tu,” anasema, na kidonge anakimeza,
kile kile, cheupe, chenye mstari katikati.

Jedwali la tano, chini, alama ya nyota:
*kumi na mmoja walijitoa kabla ya wiki ya ishirini.*
Kwa nini, nyota haisemi.
Mama naye angejitoa,
ila hakuna aliyemwambia kuwa yumo.

Asubuhi nimenunua penseli Ruwi, baisa hamsini,
risiti ninayo.
Pembeni mwa ukurasa wa kumi na nne nimeandika,
kwa mkono usiotulia:
*Msahihishaji ana maslahi. Miguu miwili, ya mama yake.*
Makala iko mezani kwa Bwana Hilal.
Leo Jumatatu. Mtambo unawashwa kesho.