Akiba ya Theluji

Mwezi wa Aprili, wengine wakifungua madirisha,
sisi wa Kaltiovaara tulikuwa tunazika theluji.
Osmo na nduguye Tauno, kila mmoja na trekta lake,
waliisukuma hadi ikawa kilima nyuma ya kanisa,
tukaifunika kwa maranda kutoka kiwanda cha mbao,
unene wa mkono mzima, toka bega hadi ncha ya kidole.
Akiba haiozi, husemwa.
Yetu kweli haiozi. Huyeyuka tu, kimyakimya,
na hakuna kufuli la kuizuia.

Jioni ile ile ufunguo wa ghala ukapotea.
Osmo akasema Tauno. Tauno akasema Osmo.
Tangu hapo wakisalimiana ni kwa taa za matrekta.

Mimi ni karani wa mji. Nilipewa kuhesabu vitanda.
Mashindano ya dunia ya skii, siku kumi na moja,
wageni elfu tisa, na sisi, pamoja na wachanga,
hatufiki elfu moja na mia tatu.
Hoteli tunayo moja. Kichwa cha kulungu ukutani
kimekosa sikio, na mwenyewe amepandisha bei mara tatu,
akashusha mara moja,
na siku hizi dukani hutazama sana maandishi ya makopo.

Nikapita nyumba kwa nyumba na kalamu ya risasi,
maana wino huganda.
Mzee Veikko aliandikisha sauna: mabenchi mawili, watu wanne.
«Wasipogombana, watano.»
Mwalimu Hilkka alitoa darasa la jiografia,
Wanorwe walale chini ya ramani ya Norwe
wasije wakaota wameshindwa ugenini.

Kwa Raili nilikunywa kahawa vikombe viwili.
Chumba cha juu, kitanda kimoja, shuka imenyooshwa,
skii za kijana zimesimama pembeni
na bado zimepakwa nta.
Hakusema kitu, nami sikuuliza.
Niliandika sufuri. Nikaifuta. Nikaacha mstari mtupu.

Siku tatu baadaye simu ikalia ofisini:
«Andika mmoja. Lakini awe mtu wa kuamka mapema.»

Kwa Tauno mlango haukufunguliwa.
Sauti tu: kamati ambayo Osmo amekalia kiti chake
isihesabu hata mito yangu.

Novemba ikaja na mvua. Desemba mvua tena.
Jua likizama saa nane mchana,
tulisimama uwanjani tukitazama juu
kama watu waliokopesha mbingu fedha.
Bendera za mataifa arobaini zililowa milingotini
hata huwezi kujua ipi ya nani.
Taimi wa mikate alijifunza kusema «karibu» kwa lugha tisa
na «umekwisha» kwa lugha kumi.

Basi Januari tukafukua kilima.
Robo ilikuwa imekwenda na kiangazi,
iliyobaki ilikuwa ngumu, ya kijivu, inanuka msonobari.
Koleo la Osmo likagonga chuma.
Ufunguo.
Aliushika kiganjani muda mrefu,
akauweka mfukoni, akautoa,
akazima trekta na kuondoka kwa miguu,
kofia mkononi, mvuani, kuelekea kwa nduguye.

Sijui walisemezana nini. Wanaume wa huku
wanaweza kumaliza ugomvi wa miezi tisa
kwa kukohoa mara mbili.
Asubuhi Tauno alikuja ofisini, akabaki amesimama.
«Vitanda viwili,» akasema.
«Kimoja cha mgeni. Cha pili cha Osmo.
Nyumba yake imejaa Waswisi.»

Nimeandika.
Sasa ni usiku, matrekta mawili yanatandaza njia nyeupe
katikati ya msitu uliolowa, mweusi.
Zimebaki siku sita.
Theluji imepungua mita mia nne.
Kwa Raili, dirisha la juu lina taa.