Sura ya Themanini na Tisa

Nilikuwa nikiziruka sura za maandamano.
Naungama. Miaka mitatu nimemfuata Ulda,
kila Alhamisi usiku, simu chini ya blanketi,
katika mji ambao mvua hutozwa kodi kwa tone
naye, mkaidi, anakinga ndoo yake mchana kweupe
na halipi hata senti.
Wenzangu walimpendea ukaidi.
Mimi nilitaka jambo moja: ambusu karani wa kodi,
yule mwenye wino kwenye kola.
Umati ulipoanza kunguruma nilipitisha kidole
haraka, haraka, hadi ngazini,
walipobaki wawili.

Leo ni usiku wa arobaini na moja
mbele ya bunge, Tbilisi,
na hakuna pa kupitisha kidole.

Hadithi hazikunitajia miguu.
Hazikusema kwamba umati haungurumi muda wote,
kwamba saa nyingi umati unauliza nani ana chaja,
nani kaokota glavu moja ya kijani, ya mkono wa kushoto,
na choo cha karibu kiko wapi.
Bi Tsisana, mwalimu mstaafu wa kemia,
anagawa mkate kama anayesahihisha madaftari:
wewe umeshapata, kaa chini.

Mchana nasaga lenzi dukani kwa Guram.
Jioni nabeba sanduku la miwani ya kuteleza thelujini,
ile iliyokwaruzika, isiyonunulika,
nawavisha watoto wa watu kabla mizinga ya maji haijafunguliwa.
Maji ya Desemba yakikupiga kifuani
ndipo unaijua kodi ya mvua.

Na yule askari.
Kwenye hadithi, askari mmoja huvua kofia ya chuma,
huwa kijana, huwa na macho,
na sura inayofuata huwa upande wetu.
Wangu nimemsubiri wiki nzima, yuko wa tatu kutoka kushoto.
Juzi alipiga chafya.
Nikamwambia, "Afya!", ulimi umezoea.
Akatazama viatu vyake.
Basi. Hakuna kilichofuata.
Ingekuwa hadithi, hiyo ni sura nzima.

Kaka yangu Amirani hunicheka: mtu mzima, na visa vya simu.
Simjibu. Sijui kama ni Ulda aliyenileta hapa
au ni bei ya dawa za mama,
au aibu tu ya kukaa nyumbani na mwanga umezimwa.
Bandu bandu huisha gogo, watu husema.
Hawasemi shoka hubaki na hali gani.

Mwandishi wetu anajiita Mbegu ya Komamanga.
Hakuna amjuaye uso.
Alhamisi ikapita bila sura. Ikapita ya pili.
Wasomaji wakaanza kuomba dua, wengine wakatukana,
mmoja akasema kaolewa.
Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimeona magari yakibeba watu.

Jana ikaja. Themanini na tisa.
Fupi, yenye makosa ya herufi;
juu ameandika: *kidole gumba kimevunjika, mnisamehe.*
Hakuna ngazi. Hakuna busu.
Karani hayumo kabisa.
Ni watu tu, wamesimama kwenye mvua wasiyoilipia,
wanasubiri chai ichemke,
na mzee mmoja anapita kati yao akiuliza
nani kaokota glavu ya kijani,
ya kushoto.

Nikainua kichwa.
Maelfu, na pua zao nyekundu,
na nusu yao wamevaa miwani yangu.
Labda nilimfunga kamba mwenyewe kisogoni,
nikamwambia asiguse kioo kwa vidole.

Nikamsomea Bi Tsisana yote, neno kwa neno,
mvuke wa pumzi ukifunika skrini, naufuta kwa mkono wa koti.
Akasikiliza hadi mwisho, mkate mkononi.
"Nzuri," akasema. "Lakini huyu karani
na huyo msichana wako,
watabusiana lini?"