Utenzi wa Nyundo Tano

Magoti yangu mabovu,
mgongo nao mchovu,
ila ulimi mwerevu
bado waweza kunena.

Jina langu ni Fumie,
kisa nikusimulie,
kidogo nivumilie,
nina themanini sasa.

Tunaishi milimani,
huku ndani ya Japani,
vijana wako mjini,
wazee tumebakia.

Kuna mchezo wa nyundo,
tulicheza kwa upendo,
polepole, bila shindo,
tufe langoni lapita.

Watano tulikutana
Ijumaa ya mchana,
chai ndiyo ya maana,
mchezo ni wa ziada.

Tukifungwa, twacheka tu,
hata timu ziwe tatu,
ya nne ikawa yetu,
wala hatukujutia.

Siku moja, ya msiba,
wapinzani, watu saba,
mafua yakawakaba,
kombe tukaliokota.

Kombe lenyewe la bati,
halifiki hata goti,
lina kutu katikati,
nasi tukalililia.

Nahodha wetu Masaji,
mng'oa meno wa mji,
akaacha hata uji,
ushindi ukamshika.

Saa kumi za usiku
twamwamsha hata kuku,
magoti yalia ku! ku!
na Masaji ahimiza.

Marufuku: chai tamu,
maji moto ya hamamu,
marufuku tabasamu,
wajukuu, na kuumwa.

"Kanuni ya mwisho hii:
mtu kufa siridhii,
hata akiwa mtii,
hadi fainali kwisha."

Mzee wetu Tomeo,
tisini na moja leo,
akaomba, kwa kilio,
ruhusa ya kusinzia.

Akajibiwa: "Lakini
nyundo iwe mkononi,
jicho moja li langoni,
lingine laweza lala."

Tukamtuma Kinuyo,
mwenye upole wa moyo,
aizuru timu hiyo,
ile iliyougua.

Alikwenda na figili,
akarudi na dalili:
"Nyonga za chuma, wawili;
nahodha kiziwi pia."

Nami sikuwa nafuu:
nyasi, chini hadi juu,
kwa rula ya mjukuu
zote nilishazipima.

Na siku ya marehemu
mume wangu, nilidumu
kaburini, ila hamu
ni pembe ya kupigia.

Vile vijiti vya udi
nikapanga kwa juhudi
kama lango, nikarudi
hatua tatu, nalenga.

Ikafika fainali,
watano, hai, kamili,
tumevaa sare kali,
Tomeo hajasinzia.

Mahasimu? Tena homa!
Wakaja wanaosoma
darasa la pili, wima
hawafiki nyundo hata.

Mmoja, akila keki,
apiga kama hataki,
tufe lenda, halibaki,
langoni likaingia.

Kumi na nane kwa kumi!
Twakaukiwa ulimi.
Binti kaja kwangu mimi,
akaninong'onezea:

"Bibi, haya mazoezi
yanakwisha saa hizi?
Mbona mwatoa machozi?
Na mechi haijaanza!"

Kombe letu la thamani
wakatia panzi ndani,
wakarudi majumbani
pipi wakilambalamba.

Tukanywa chai, sukari
tele, bila tahadhari,
Masaji akakariri:
"Ni mchezo tu, jamaa."

Tomeo, macho mawili
akafumba, bila swali,
nami nikaapa kweli:
"Nyundo leo naiacha."

Kesho yake, saa tisa,
gizani ninapapasa,
moyo watubu makosa,
miguu yatangulia.

Uwanjani wako wote:
Kinuyo na pipi zote
za duka, ili apate
mbinu walizotumia;

Masaji, kwa tochi yake,
asoma kurasa zake:
"Kila mtu na mamake
saa mbili ashalala."

Tomeo, wa jicho moja,
akasema, "Nina hoja:
kufa tena nitangoja
hadi fainali kwisha?"